Jinsi ya kuifikisha pesa ya mpunga hadi Machi bila kukopa

Kwetu Mbarali, mkoani Mbeya, pesa huingia kwa mkupuo, kati ya Juni na Agosti, halafu hutoka mwaka mzima. Februari ya mwaka mmoja nilikwama, nikachukua shilingi 70,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa ahadi ya kumpa gunia moja la mpunga nikivuna. Nikarudi kwake mara tatu zaidi. Juni magunia manne yakapakiwa kwenye guta lake wanangu wakiangalia, na siku hiyo gunia lilikuwa 95,000. Piga hesabu: 25,000 juu ya 70,000 ni zaidi ya asilimia 35 kwa miezi minne. Mfuko unaolipa asilimia 12 kwa mwaka ungenipa asilimia 4 kwa muda huo huo. Kwa hiyo kwa mkulima wa bonde letu hili la Usangu, uwekezaji wa kwanza wenye faida ni kuwa mkopeshaji wa nafsi yake, kabla ya hisa, kiwanja au kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Hesabu magunia kabla ya shilingi

Fanya hivi mpunga ukiwa bado uwanjani, maana ukishageuka noti hesabu inakuwa ngumu. Andika idadi ya magunia uliyopata. Toa ya deni, kama lipo. Toa ya mbegu. Kisha toa ya chakula, na hapo ndipo wengi tunajidanganya.

Nyumba yangu ina watu sita, tunakula kilo mbili za mchele kwa siku. Siku za ugali zinafidia siku za wageni. Kwa mwaka ni kilo 730. Gunia la kilo 100 za mpunga likikobolewa nalihesabia kilo 60 za mchele, kwa hiyo nahitaji magunia 12 na ziada kidogo. Naweka 13, na hayo hayauzwi hata aje nani. Mwaka niliouza chakula Julai, Machi nilinunua mchele dukani kwa kilo, na ulikuwa ghali kuliko nilivyouza.

Gunia ninalosema ni la mizani. Ukikubali lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, unampa mnunuzi kilo za bure.

Hatua ya 2: Andika kalenda ya matumizi

Kaa na mwenzako wa nyumbani, mwandike pamoja. Kalenda ya mtu mmoja haifiki Desemba. Yangu ya ekari mbili ilikuwa hivi: Novemba, kulima na kitalu, 200,000. Januari, kupandikiza, pamoja na sare na madaftari ya watoto, 350,000. Februari, mbolea na palizi, 300,000. Aprili, kuamia ndege, 100,000. Jumla 950,000.

Hakikisha umejiandikisha au umehuisha taarifa zako za mbolea ya ruzuku mapema kwa ofisi ya kijiji. Usingoje mvua.

Hatua ya 3: Uza kwa mafungu

Fungu la kwanza ni la kufikisha jumla ya kalenda tu. Kwa bei ya 95,000, magunia 10 yalinitosha. Yapo mawazo kwamba ni bora kuzuia yote hadi bei ipande Desemba au Januari. Mara nyingi hupanda kweli, lakini kuna miaka haipandi, na trekta halisubiri bei. Ndiyo maana pesa ya shamba naitoa kwanza, na yaliyobaki ndiyo yanayosubiri.

Ukihifadhi kwenye ghala la mashine ya kukoboa, iwe Ubaruku, Igurusi au Chimala, usiondoke bila karatasi yenye jina lako, idadi ya magunia, uzito na tarehe. Uliza ushuru wa kuhifadhi ni kiasi gani, na mpunga ukiliwa na panya au kulowa, nani analipa. Mpunga uwe umekauka. Wenye unyevu unavunda, na uliokauka kupita kiasi unakatika mashineni.

Hatua ya 4: Iondoe pesa mkononi

Pesa ikikaa kwenye simu huisha kwa michango, vocha na shida za ndugu, tena shida za kweli. Mimi naipeleka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza pamoja. Unahitaji kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki. Kianzio ni 100,000, na baada ya hapo unaweza kuongeza kuanzia 10,000. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko, na bei ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi. Faida haina dhamana ya kiwango, kwa hiyo usimwamini anayekuahidi asilimia fulani. Lipa moja kwa moja kwenye mfuko, kamwe usilipe kwenye namba ya mtu binafsi.

Ukitaka pesa unauza vipande, na unalipwa ndani ya siku tatu za kazi. Siku tatu hizo nazipenda sana. Zimeniokoa na pikipiki mbili na harusi moja ambayo sikuwa na uwezo wa kuichangia kwa kiwango nilichotaka.

Hatua ya 5: Toa kwa kalenda

Wiki moja kabla ya kazi, toa kiasi kilichoandikwa kwa mwezi huo. Kikibaki, kirudishe. Dharura ya ugonjwa ikija, toa bila kujilaumu, kisha uza gunia moja la akiba kuziba pengo. Kausha damu, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, usimguse.

Hatua ya 6: Baada ya misimu miwili au mitatu

Ukiona Aprili imepita na kwenye mfuko huo bado kuna zaidi ya milioni moja isiyo na kazi, fikiria hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali pesa yako ikulipe riba. Kiwango cha chini ni shilingi 1,000,000, na unaingia kupitia benki yako au wakala wa soko la hisa, atakayekufungulia akaunti ya dhamana. Benki Kuu ina tawi Mbeya mjini. Nenda ukaulize ana kwa ana.

Hii ni pesa ya miaka mingi, isiwe ile ya mbolea. Ila riba yake hulipwa kila miezi sita, kwa hiyo kabla ya kununua uliza inalipa miezi gani. Inayolipa Mei na Novemba inatufaa zaidi sisi: Mei tunatafuta vibarua wa kuvuna, Novemba trekta linaingia shambani.