ClamAV kwenye Linux: kukagua faili inapofunguliwa bila kugandisha seva

Ukaguzi wa usiku wa ClamAV, programu ya kusaka virusi, hukuta kirusi kimeshalala ndani. Ukaguzi wa papo kwa papo hukizuia mlangoni, ila mlango wenyewe unakuwa na foleni: kupitia fanotify, sehemu ya keneli (kiini cha Linux) inayofuatilia ufunguaji wa faili, keneli humsimamisha anayefungua faili mpaka programu ya ukaguzi ijibu ruhusu au kataa. Jibu likichelewa, kazi ya watu inasimama.

Hatua ya 1. Sakinisha `clamav-daemon`, kisha acha freshclam, kishushi chake, ishushe hifadhidata yote ya alama za virusi. Hakikisha una RAM ya kutosha, maana clamd, huduma inayokagua faili, peke yake hula zaidi ya GB 1.

Hatua ya 2. Andika `grep FANOTIFY_ACCESS /boot/config-$(uname -r)`. Usipoona `=y`, keneli yako inaweza kutoa taarifa tu, haiwezi kuzuia.

Hatua ya 3. Fungua `/etc/clamav/clamd.conf`, ongeza:

```
OnAccessIncludePath /srv/pamoja
OnAccessPrevention yes
OnAccessExcludeUname clamav
```

Mstari wa tatu usiuchezee: unasema faili zinazofunguliwa na mtumiaji clamav, ambaye clamd huendeshwa kwa jina lake, zisisubirishwe. Ili kukagua faili, clamd nayo huifungua. Kufungua huko ni tukio jipya linalosubiri jibu la clamd ileile, ambayo bado imeshikwa na tukio la kwanza. Mimi niliwahi kumtaja mtumiaji wa chelezo tu, nikamwacha clamav. Folda ya pamoja ikaganda asubuhi watu wakiwa kazini. Ikikutokea, iue clamonacc, programu inayopokea matukio ya fanotify na kuyapeleka kwa clamd: keneli huwaachia wote waliokuwa wakisubiri.

Na usiweke `/` nzima. Anza na folda ambamo faili za watu wa nje huingilia.

Hatua ya 4. Washa upya clamd, halafu:

```
sudo clamonacc --fdpass --log=/var/log/clamav/clamonacc.log
```

Bila `--fdpass`, clamd itashindwa kusoma faili ambazo mtumiaji clamav hana ruhusa nazo.

Hatua ya 5. Weka ndani ya `/srv/pamoja` faili ya majaribio ya EICAR, herufi 68 zisizo na madhara, kisha ijaribu kwa `cat`. Ukiona "Operation not permitted", ulinzi unafanya kazi.

Jambo moja linalowaponyoka wengi: `OnAccessMaxFileSize`, kikomo cha ukubwa wa faili inayokaguliwa, ni MB 5 usipoibadilisha. Faili ya MB 6 hupita bila kukaguliwa. Ukipandisha kiwango, pandisha kidogo kidogo huku ukipima muda wa kufungua faili. Zile kubwa kabisa mimi huziachia clamdscan, amri ya ukaguzi wa kawaida, ya saa nane usiku.