Kukagua mwendo wa mtu kwa macho, saa na beseni la maji

Mtu akichechemea, macho ya wengi hukimbilia mguu unaonyanyuliwa. Wewe tazama ule ulio chini. Katika mwendo wa kawaida kila mguu hukaa ardhini kwa takribani asilimia 60 ya muda wa hatua zake, na hewani asilimia 40 tu. Sehemu kubwa ya kutembea, basi, ni kusimama kwa mguu mmoja huku mwili ukipita juu yake, na hapo ndipo kasoro nyingi hujificha.

Tafuta mahali tambarare penye mita 14. Kigoma mjini hapo pana kazi kidogo: njia ya kutoka stesheni kwenda mtaa wa Mwanga inapanda, na mchanga wa mwaloni unazamisha visigino, kwa hiyo hata mwenye afya atatembea ovyo. Baraza refu la saruji linafaa. Piga mstari wa chaki mwanzoni, kwenye mita 2, mita 12 na mita 14. Kandambili zivuliwe, maana vidole hujikunja kuzishika na hatua hufupika. Kitenge kipandishwe hadi magoti yaonekane, la sivyo utakagua nguo.

Mwambie atembee kama anayekwenda sokoni. Washa saa ya simu anapovuka mita 2, zima anapovuka mita 12. Rudia mara tatu, uchukue wastani. Mtu mzima mwenye afya hutumia kama sekunde 7 hadi 9, akipiga hatua 100 hadi 120 kwa dakika. Mzee akizidi sekunde 12 na nusu, mwendo wake ni chini ya mita 0.8 kwa sekunde. Huyo apimwe nguvu za miguu kabla hajaanguka.

Sasa kaa ubavuni kwake. Kisigino kitangulie kugusa. Msuli wa mbele ya muundi hushusha unyayo taratibu, ukiwa dhaifu utasikia unyayo ukipiga sakafu "pa!", na ukiwa umelegea kabisa atanyanyua goti juu kama anayevuka dimbwi, ili vidole visiburuzike. Goti hukunjika nyuzi 15 hadi 20 kupokea uzito, kisha hunyooka. Mwili ukishapita mbele, kigimbi hunyanyua kisigino na kuusukuma. Mguu ukiwa hewani goti hufika nyuzi 60 hivi, na bado vidole hupita sentimita 1 au 2 tu juu ya sakafu. Ndiyo maana ukingo wa mkeka humwangusha mzee.

Hamia nyuma yake, na hapa usiharakishe. Mguu mmoja ukiwa hewani, misuli ya ubavu wa nyonga ya mguu uliosimama ndiyo inayozuia kiuno kisishuke upande wa pili. Mwambie asimame kwa mguu wa kulia, sekunde 30, mikono yako ikiwa tayari kumdaka. Kiuno kikishuka kushoto, dhaifu ni nyonga ya kulia. Wengi hukandwa upande ulioshuka, yaani upande usio na kosa. Fimbo nayo hushikwa mkono wa upande mzima, ishuke pamoja na mguu mbovu. Urefu wake: asimame wima mikono ikining'inia, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia.

Kisha maji. Achovye nyayo kwenye beseni, atembee sakafu kavu. Kati ya mstari wa visigino vya kushoto na wa kulia pawe na sentimita 5 hadi 10 hivi. Pakiwa papana sana, ama ubongo wa nyuma unaoratibu mwendo una hitilafu, ama nyayo hazileti habari. Asimame miguu pamoja, kisha afumbe macho: akiyumba pale tu anapofumba, shuku nyayo zilizokufa ganzi, jambo la kawaida kwa mwenye kisukari cha muda mrefu.

Mdundo wenyewe wa kushoto-kulia huendeshwa zaidi na neva zilizo kwenye uti wa mgongo; ubongo huanzisha, husimamisha na kurekebisha. Mwangalie mama mwenye beseni la dagaa juu ya ngata: kichwa kimetulia, marekebisho mengi yanafanyika kiunoni na magotini. Ila usimpime mtu akiwa na mzigo, kwani mikono isiyopunga itakudanganya. Asiye na mzigo, mkono mmoja ukiacha kupunga, huenda ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta mtetemeko na ukakamavu.

Mengine hayasubiri chaki. Mguu na mkono wa upande mmoja vikilegea ghafla, au mdomo ukipinda, ni kiharusi hadi ithibitishwe vinginevyo. Aende hospitali saa hiyo hiyo. Miguu yote miwili ikikakamaa ghafla, magoti yakisuguana, ulizia ugali wa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha: konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na sumu ya muhogo, huanza hivyo, na hushika zaidi watoto na kina mama. Mguu ukilegea baada ya sindano ya takoni, taja siku na upande uliochomwa. Neva kubwa ya mguu inapita hapo, ndiyo maana sindano hiyo huchomwa robo ya juu kwa nje.

Mrekodi kwa simu, ubavuni na nyuma, dakika moja kila upande. Kliniki watu hujikaza na kutembea vizuri kuliko nyumbani.