Somo: Kasi, nusukipenyo na kani ya kuelekea kitovu

Wanafunzi wengi wa kidato cha tano huikariri kanuni F = mv²/r (F ni kani, m ni tungamo, v ni kasi, r ni nusukipenyo), lakini wachache hujiuliza ni kipi kati ya kasi, nusukipenyo na kani kimeachwa bila kubadilika, na hapo ndipo makosa huanzia. Vifaa vya jaribio hili hupatikana Kariakoo kwa bei ndogo.

Hatua ya 1. Pitisha mshipi wa nailoni ndani ya ganda tupu la kalamu, kisha funga kifutio cha gramu 20 juu na nati za gramu 100 chini. Uzito wa nati, takriban nyutoni 0.98, ndio unaokivuta kifutio kuelekea kitovu.

Hatua ya 2. Ukiwa uwanjani, mbali na watu na vioo, zungusha kifutio juu ya kichwa, mshipi ukiwa sentimita 50 kutoka mdomo wa ganda, hadi nati zitulie bila kupanda wala kushuka. Mizunguko 20 itachukua takriban sekunde 12.7, yaani kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde.

Hatua ya 3. Ongeza nati zifike gramu 400. Muda utashuka hadi takriban sekunde 6.3: kani imeongezwa mara nne ilhali kasi imeongezeka mara mbili tu, kwa sababu kani hufuata kipeo cha pili cha kasi.

Hatua ya 4. Punguza nati ziwe tena gramu 100, kisha urefushe mshipi uwe mita 1. Sasa mizunguko 20 itachukua takriban sekunde 18, na kasi itafika mita 7 kwa sekunde.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mbona ncha ya pangaboi huhitaji kani kubwa kuliko sehemu iliyo karibu na mota, ilhali kanuni inagawanya kwa r?

Marahaba. Sehemu zote za pangaboi humaliza mzunguko kwa muda mmoja, hivyo nusukipenyo kikiongezeka mara mbili, kasi nayo huongezeka mara mbili, na kani kwa tungamo ileile huongezeka mara mbili. Kani hupungua kwa kurefuka kwa nusukipenyo pale tu kasi inapobaki ileile, kama bajaji inayopita kona pana bila kubadili mwendo.

Mshipi wangu huinama kidogo, haulali sawasawa. Je, vipimo vimeharibika?

Havijaharibika, mradi upime urefu wa mshipi wenyewe. Mshipi ukiinama, nusukipenyo cha duara na sehemu ya kani inayoelekea kitovu hupungua kwa uwiano mmoja, kwa hiyo muda wa mzunguko haubadiliki.