Somo: kuanza uuguzi ukiwa na miaka arobaini na kuendelea

Niliingia chuo cha uuguzi nikiwa na miaka 41, baada ya kuuza mitumba hapa Nakuru hadi watoto wangu wawili wakafika sekondari. Tangu niajiriwe, kila kikao cha chama kuna mtu ananivuta kando aniulize njia ya kuwa muuguzi. Nimeiandika hapa, na mwishoni nimejibu maswali mliyonitumia.

Kwanza, hesabu miaka yako kutoka mwisho. Mtumishi wa umma hapa Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Stashahada ya uuguzi ni miaka mitatu. Shahada ni minne, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Ukianza stashahada na miaka 42, unamaliza na 45. Hata ukitafuta kazi miaka miwili, bado una miaka 13 mbele yako. Ukianza na 52 hesabu ni nyingine kabisa, na macho yako yaelekee zaidi hospitali za misheni na za binafsi. Mimi nilichagua stashahada kwa sababu ya hesabu hiyo.

Pili, toa cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, sandukuni. Stashahada inataka wastani wa C, pamoja na C ya biolojia na C ya Kiingereza au Kiswahili. Masomo mengine ya sayansi na hisabati nayo yana viwango vyake, kwa hivyo soma tangazo la mwaka unaoomba. Shahada huanzia C+.

Tatu, chuo. Hapa ndipo watu wazima huibiwa, maana tuna haraka. Chuo lazima kiwe kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, nawe usajiliwe na Baraza ukiwa bado mwanafunzi. Bila hivyo hutafanya mtihani wa leseni, na bila leseni wewe si muuguzi. Jirani yangu alilipa karo ya mihula miwili akidhani anasomea unesi, kumbe ilikuwa kozi ya miezi michache ya kutunza wagonjwa nyumbani. Ni kazi ya heshima, lakini si aliyoahidiwa. Angalia orodha ya Baraza kabla ya kutuma hata shilingi moja. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ina kampasi Nakuru, Kisumu na Kakamega. Shule za misheni ziko Mumias na Mukumu. Wa shahada waulizie vyuo vikuu vya Egerton, Maseno au Masinde Muliro.

Nne, nyumba yako. Masomo si ya darasani tu. Utapelekwa wodini, utafanya zamu za usiku, utatumwa vituo vya afya vijijini majuma kadhaa. Nani atawaamsha watoto? Nani atampeleka mama mkwe kliniki? Mimi na mume wangu tuliketi jioni tatu tukapanga, na hata hivyo mwaka wa kwanza nililia mara nyingi. Biashara usiifunge ghafla. Tafuta mtu wa kukushikia. Ulizia mapema mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na kamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B: ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita.

Tano, rudia hisabati. Wengi wetu tunaogopa maiti, kumbe kinachotutoa jasho ni hesabu ya dawa. Mfano: mgonjwa apewe mililita 1,000 za maji ya mshipa kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa mililita. Zidisha 1,000 kwa 20, upate matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya: matone 42 hivi kwa dakika. Fanya kumi za namna hiyo kila jioni kabla hujaingia chuo.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Njoro: Nina miaka 47. Je, nitavumilia kusahihishwa na sista wa miaka 28?*
Utasahihishwa, tena mbele ya mgonjwa. Jibu "ndiyo, sista," urekebishe kosa. Yeye ndiye anayewajibika kwa usalama wa mgonjwa huyo. Ukifika wodi ya kujifungulia, utaona kina mama wakikushika mkono wewe kwanza.

*Kaka wa Kondele: Mwanaume naye hupelekwa wodi ya kujifungulia?*
Ndiyo, kaka. Kila mwanafunzi hupita huko. Jitambulishe, omba ruhusa ya mama, mfunike vizuri.

*Mama wa Kakamega: Nilipata D+. Basi nimeachwa?*
Unaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili huwa mapema katika mwaka na mtihani mwisho wa mwaka. Wakati huo ulizia kazi ya mhudumu wa afya ya jamii, kama wale waliokabidhiwa mikoba ya vifaa mwaka 2023. Kazi hiyo haikupi leseni ya uuguzi, lakini utazoea kuingia nyumba za wagonjwa na kupima presha.

*Dada wa Bahati: Mgongo wangu unauma. Kuinua wagonjwa je?*
Muone daktari kabla ya kuomba nafasi, dada. Wodini, pandisha kitanda kama kinapanda, kunja magoti, tumia shuka kumsogeza mgonjwa, na umwite mwenzako. Mimi humwita hata kama ana shughuli, namsubiri.