Kuanza Enduro: Polepole Ndiyo Kazi Yenyewe

Wengi wanaonijia wakitaka kujifunza enduro, yaani kuendesha pikipiki nje ya barabara kwenye njia ngumu za mawe, mizizi na milima, huanza na swali la nguvu: injini ya ujazo gani, inakimbia kiasi gani. Mimi huwaomba wanioneshe jambo moja tu: waendeshe pikipiki kwa mwendo wa mtu anayetembea, umbali wa hatua ishirini, bila kugusa chini kwa mguu. Wanaoweza ni wachache, na enduro inaanzia hapo. Hata yale mashindano ya kimataifa ya siku sita, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1913 mjini Carlisle, Uingereza, yalianzishwa kupima mashine itakayofika mwisho ikiwa nzima.

Hatua ya 1: Chagua pikipiki inayosamehe makosa

Usianze na injini ya ujazo wa cc 450. Injini ya mapigo manne ya 250, au ya mapigo mawili ya 150, inamtosha mwanafunzi kwa muda mrefu. Jihadhari usinunue pikipiki ya motokrosi (mbio za kwenye uwanja wa udongo wenye miruko) ukidhani ni ya enduro. Kwa macho zinafanana, lakini ya motokrosi ina gia zilizokaribiana, springi ngumu za kuhimili miruko, na injini inayoamka ghafla. Kwenye mawe na mizizi itakuchosha kabla hujajifunza chochote.

Ukinunua iliyotumika, uliza injini ina saa ngapi za kazi, kwa maana umri wa injini hizi huhesabiwa kwa saa. Kisha fungua filta ya hewa. Ukikuta vumbi upande wa ndani, kuelekea injini, acha pikipiki hiyo na uende zako.

Hatua ya 2: Vaa kabla ya kuwasha

Helmeti, miwani ya vumbi, glavu, kinga ya kifua, kinga za magoti, na buti ngumu za nje ya barabara. Kama pesa haitoshi kwa vyote, helmeti na buti haviahirishwi. Mwanafunzi huanguka polepole, pikipiki ikamlalia mguu, nayo ina zaidi ya kilo 100. Viatu vya kawaida havizuii uzito huo.

Hatua ya 3: Ifanye pikipiki ikutoshe

Hapa wanafunzi wengi hupita haraka, kisha wanalaumu mikono yao. Simama juu ya vikanyagio, nyosha vidole, uone kama leva za klachi na breki zinafuata mstari wa mkono wako. Zikiwa juu mno, zishushe. Usizikaze hadi mwisho: zikaze kiasi cha kuzunguka pikipiki ikianguka, la sivyo zitavunjika.

Tairi za kawaida zenye tyubu, jaza upepo wa psi 12 hadi 14. Ukizidisha, tairi inadundadunda juu ya mawe badala ya kuyashika; ukipunguza mno, jiwe litaibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa. Mwisho, pima shokapu ya nyuma: ukiwa umepanda na mavazi yako yote, sehemu ya nyuma ishuke takribani milimita 100 kutoka pale inapokuwa gurudumu likining'inia hewani. Kama springi haiwezi kufika hapo hata ukiirekebisha, haiendani na uzito wako.

Hatua ya 4: Jifunze kusimama

Kanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo. Magoti yalegee kidogo, viwiko vitoke nje, kichwa kiwe juu ya usukani. Uzito wote ushuke miguuni. Mikono ishike usukani kwa wepesi, kwa sababu ukining'inia kwenye usukani, kila jiwe litakaloisukuma pikipiki litakusukuma na wewe, nawe utafungua mafuta bila kukusudia. Macho yaangalie mbali, mita kumi au zaidi mbele. Ukilikodolea macho jiwe, utaligonga.

Hatua ya 5: Klachi, kidole kimoja

Kama ungekuwa na mwezi mmoja tu wa kujifunza, ningekwambia uumalize hapa. Tafuta eneo tambarare. Weka gia ya kwanza, acha injini ingurume kidogo bila kubadilika, kisha uendeshe mwendo kwa klachi peke yake. Kidole kimoja kiivute na kuiachia pale inapoanza kushika, na breki ya nyuma iwe imeguswa kidogo tu. Hiyo breki ndiyo inayoituliza pikipiki isirukeruke.

Chora nane kubwa kuzunguka mawe mawili. Ikishakuwa rahisi, yasogeze mawe. Kwenye kona kali, ilaze pikipiki chini yako upande wa ndani, mwili wako ubaki wima, uzito ukikandamiza kikanyagio cha nje. Kisha jaribu kusimama kabisa kwa sekunde mbili bila kuweka mguu chini, halafu uondoke. Utaanguka sana, na ni sawa.

Hatua ya 6: Gogo

Anza na gogo lisilofika nusu ya gurudumu. Likabili moja kwa moja, si kwa mshazari, ukiwa umesimama, kwa mwendo mdogo. Kabla tu ya kulifikia, bonyeza shokapu za mbele kwa uzito wako, kisha ongeza mafuta na uachie klachi kwa pamoja: gurudumu la mbele litapanda. Likishagusa juu ya gogo, funga mafuta. Hapa ndipo watu hukosea. Wakiendelea kuvuta mafuta, gurudumu la nyuma hugonga gogo kwa nguvu na kuwarusha mbele.

Hatua ya 7: Mlima, na namna ya kushindwa

Panda kwa gia ya pili, ukiwa na kasi uliyoipata chini. Mwili uende mbele, lakini gurudumu la nyuma likianza kuteleza, rudisha uzito nyuma kidogo na upunguze mafuta.

Jifunze kushindwa kabla ya kujifunza kufaulu. Pikipiki ikikataa katikati ya mlima, usivute klachi, kwa sababu breki ya mbele peke yake haitaishika na utarudi kinyumenyume. Acha injini izime ikiwa kwenye gia, gia itaishikilia. Iegemeze upande wa juu wa mlima, shuka upande huohuo, zungusha usukani, uigeuze kidogo kidogo hadi itazame chini.

Hatua ya 8: Safari ya kwanza

Usiende peke yako, na omba ruhusa ya mwenye ardhi. Beba maji lita mbili, spana zako, plagi ya akiba na tyubu. Mto usioujua, uvuke kwa miguu kwanza. Pikipiki ikizama na injini kumeza maji, usibonyeze stata hata kidogo: maji hayabanwi kama hewa, na konrodi (mkono wa chuma unaobeba pistoni) inaweza kupinda. Toa plagi, zungusha injini hadi maji yaishe, kausha filta, kagua kama oili imegeuka rangi ya maziwa. Ikiwa imegeuka, usiiwashe. Ivute hadi nyumbani.

Ukifika, filta ya hewa ioshwe na kupakwa oili yake siku hiyohiyo, kabla hujavua buti.