Kuijua serikali ya Marekani kwa kutazama The West Wing (somo)

Swali la namna ya kuijua serikali ya Marekani kupitia The West Wing, tamthilia ya televisheni inayohusu rais wa kubuni na wasaidizi wake Ikulu, nimelijibu hadi nimechoka, kwa hiyo naliweka lote hapa.

1. Anza mwanzo. Misimu iko 7, ya 1999 hadi 2006. Usiruke.

2. Kaa na Katiba ya Marekani pembeni. Ina ibara 7 na marekebisho 27. Jioni moja inatosha kuisoma.

3. Ukisikia neno la kiserikali, simamisha, liandike, kalitafute.

4. Tenganisha tukio na kanuni. Hapa ndipo nilipoanguka. Msimu wa 2 kuna seneta mzee, Stackhouse, anauzuia mswada kwa kuongea usiku kucha. Anafika mahali anasoma mapishi. Haruhusiwi kukaa wala kwenda msalani. Wenzake wanamwokoa kwa kumuuliza maswali marefu, maana kupokea swali hakumpotezei zamu yake. Hiyo ni kanuni ya kweli kabisa. Mimi nikatoka hapo nikiwafundisha watu kwamba bila mtu kukesha akiongea, mswada haukwami. Niliwapotosha! Mingi hukwama kimyakimya: kufunga mjadala kunataka kura 60 kati ya 100, na zikijulikana hazitimii, hakuna haja ya yeyote kusimama. Angalieni sana: 60 ni za kufunga mjadala, si za kupitisha mswada. Tena ni Seneti tu, si Baraza la Wawakilishi, lile baraza jingine la Bunge lao.

MASWALI

— Kwa hiyo seneta lazima aongee usiku kucha?

Hatua ya 4.

— Nimepitia juujuu, nina haraka.

Basi rudi ukiwa na nafasi. Nimeirefusha kwa sababu.

— Mwishoni mwa msimu wa 4, Spika wa Baraza la Wawakilishi, Walken, anaacha ubunge ndipo akaimu urais. Kwa nini?

Umeona mbali, ndugu. Makamu wa Rais ameshajiuzulu, na Rais Bartlet, binti yake akiwa ametekwa, anajiweka kando kwa Marekebisho ya 25 ya Katiba, yanayomruhusu rais kukabidhi madaraka kwa muda. Sheria ya 1947 ya kurithi urais inamtaja Spika kuwa ndiye anayefuata, na inamtaka ajiuzulu kwanza. Nayo Katiba, Ibara ya 1 kifungu cha 6, inakataza mwenye cheo serikalini kuwa mbunge wakati huohuo. Walken anapoteza kiti chake kwa kazi ya siku chache.

— Mimi huwasha maandishi ya chini, wanaongea mbio mno.

Hata mimi. Na ukimaliza, chagua mswada mmoja wa kweli kwenye congress.gov, tovuti ya Bunge la Marekani, uufuatilie. Utaona kamati inavyoweza kuukalia miezi.