Somo: Banjo inayovuja kwenye pampu ya dizeli, Land Cruiser ya 1HZ

Mkonga, yaani Land Cruiser yako, umelala nje, asubuhi unawasha, injini inaunguruma sekunde chache kisha inazima. Unapiga tena stata, inalia mpaka betri inaanza kuchoka, halafu injini inashika na siku nzima gari linakwenda vizuri tu. Hapo ndipo watu wanapofunguliwa nozeli, au wanauziwa pampu. Kabla hujatoa hela hiyo, angalia kwanza kiungo kinachoingiza dizeli kwenye pampu: pete ya chuma iliyoungana na paipu, imeshikwa na bolti iliyotobolewa katikati. Hiyo ndiyo banjo. Pete inazunguka kwenye bolti yake mpaka uikaze, na kinachoziba ni washa mbili za kopa, yaani pete bapa za shaba, moja chini ya kichwa cha bolti, nyingine kati ya pete na bodi ya pampu.

Nimechukua 1HZ, ile ya silinda sita ya cc 4,164 iliyoanza kutoka mwaka 1990, kwa sababu imejaa barabarani kwetu na nyingi bado zina washa zilezile za kiwandani. Hilux za 2L na 3L zina mpangilio wa namna hiyohiyo, kwa hiyo mwenye Hilux naye asome.

Upande wa kuingiza hauvuji kama bomba la maji. Pampu inavuta dizeli kutoka tangini kupitia filta, na injini ikiwaka pale pana mvuto, siyo presha. Washa ikichoka, huoni tone. Hewa ndiyo inayoingia. Ukizima gari, dizeli inateremka polepole kurudi tangini, na asubuhi pampu iko tupu. Banjo ya upande wa kurudisha ni tofauti, hiyo inatona waziwazi, na utaikuta pampu imelowa na kushika vumbi jeusi.

Kuthibitisha

Osha pampu na viungo vyote kwa brashi na mafuta ya taa, futa, acha ikauke kabisa. Mwagia pauda ya mtoto kuzunguka banjo zote mbili. Washa injini dakika kumi, kisha angalia pauda imelowa wapi kwanza. Kwa upande wa kuingiza pauda haitakusaidia sana. Toa mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, weka mpira wa plastiki unaoonyesha ndani wa kipenyo kilekile, kwa muda tu, kisha washa. Mapovu yakipita mfululizo humo ndani, hewa inaingia kabla ya pale, yaani kwenye filta, klipu au mpira wa chasisi. Mpira ukiwa safi hauna povu na tatizo bado lipo, basi banjo ya kwenye pampu ndiyo yako.

Kazi yenyewe

1. Toa waya hasi wa betri. Weka kopo chini, usiache dizeli imwagikie mpira wa mauntini unaobeba injini, dizeli inaulainisha.

2. Osha tena pale unapofungua. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye tundu la pampu ni kesi kubwa kuliko uvujaji wenyewe.

3. Fungua kwa spana ya ringi, 17 au 19 kutegemea pampu. Spana ya mdomo inakula kona za bolti, na bolti iliyotobolewa ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Kama paipu ina nati ya pili nyuma yake, ishike kwa spana nyingine ili usiipinde.

4. Kabla hujaweka chochote, hesabu washa ulizotoa. Lazima ziwe mbili. Ya ndani mara nyingi inabaki imeganda kwenye bodi ya pampu, na kwa kuwa imeshakuwa nyeusi unaiona kama sehemu ya bodi. Fundi akiweka mpya juu yake, zinakuwa mbili mahali pa moja, hazikai sawa, na uvujaji unaongezeka. Ing'oe taratibu kwa ncha ya kisu, usikwaruze.

5. Sasa kaa kwenye mwanga uangalie nyuso nne: chini ya kichwa cha bolti, pande mbili za pete, na kiti cha kwenye pampu. Mikwaruzo inayozunguka kama duara haina shida kubwa. Mkwaruzo unaokata kutoka tundu la ndani kwenda nje ndio njia ya dizeli, hata ukiwa mwembamba kama unywele. Pete unaweza kuisawazisha: weka msasa namba 400 juu ya kioo, lowesha kwa dizeli, isugue pete kwa kuizungusha bila kuikandamiza upande mmoja. Malizia na namba 600. Osha kwa dizeli safi, puliza tundu.

6. Washa mpya ndizo bora, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na kazi. Ukikosa, za kopa zinaweza kulainishwa. Kopa iliyokandamizwa inakuwa ngumu na haijazi tena mabonde madogo ya chuma. Ishike kwa waya, ipashe kwenye moto wa gesi mpaka iwe nyekundu iliyofifia, kisha itie kwenye maji au iache ipoe yenyewe. Kwa kopa yote mawili ni sawa. Sugua ule weusi kwa msasa laini. Ikiwa imeshakuwa nyembamba au ina alama ya kuliwa upande mmoja, itupe. Za aluminiamu usizipashe moto, zinayeyuka kabla hujajua zimefika wapi. Na zile zenye mpira katikati, moto si wake kabisa.

7. Lowesha washa kwa dizeli, panga: kichwa cha bolti, washa, pete, washa, pampu. Anza kwa vidole. Pete ikiwa bado inacheza, ielekeze mahali paipu inapotaka kukaa yenyewe bila kujipinda, ndipo ukaze. Ukikaza kwanza kisha ukavuta paipu ije mahali pake, pete inakaa upande na washa mpya inavuja siku hiyohiyo. Kiasi cha kukaza kipo kwenye kitabu cha injini yako. Kama huna toki, ile spana inayopima kiasi cha kukaza, tumia spana fupi: utasikia washa inalainika chini ya mkono, kisha inashika. Robo ya ziada "kwa usalama" ndiyo inayokata bolti.

8. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Rudisha waya wa betri, subiri hita plagi, piga stata si zaidi ya sekunde kumi na tano kwa mara moja, ipumzishe. Ikigoma, legeza nati za paipu kwenye nozeli mbili, piga stata mpaka dizeli itoke bila povu, kaza, futa. Kwenye paipu hizo za nozeli usitafute uvujaji kwa kidole injini ikiwaka. Presha ya pale inapenyeza dizeli ndani ya ngozi, na hilo ni jambo la hospitali.

Maswali ya wanachama

Morogoro: Shikamoo fundi. Nimeweka washa mpya, lakini gari yangu sasa haina nguvu mlimani na asubuhi inawaka kwa shida kuliko mwanzo. Nimekosea wapi?

Marahaba. Ulifungua banjo zote mbili kwa pamoja, sivyo? Angalia kichwa cha bolti ya kurudisha, kimeandikwa OUT. Ndani yake tundu ni dogo sana, kwa sababu ndilo linalobana dizeli ili presha ya ndani ya pampu ipande. Ukiibadilisha na ya kuingiza, pampu inanyimwa dizeli upande mmoja na inapoteza presha upande wa pili. Zirudishe mahali pake. Siku nyingine fungua moja, maliza, ndipo ufungue ya pili.

Mtwara: Mkuu, kuna fundi ameniwekea tepu nyeupe ya mabomba na silikoni juu. Imeacha kuvuja. Niiache?

Itoe. Banjo haizibi kwa uzi wa bolti, inaziba kwa washa, kwa hiyo tepu haifanyi kazi yoyote pale. Vipande vyake vinaingia ndani na filta iko nyuma, haiwezi kuvizuia. Silikoni nayo dizeli itailainisha. Mimi nikiona silikoni kwenye pampu ya dizeli, naanza kutafuta fundi mwingine.

Arusha: Kiti cha kwenye pampu ndicho chenye mkwaruzo. Nisugueje bila kushusha pampu?

Ziba tundu kwa kitambaa chenye grisi, funga msasa 600 kwenye kipande bapa cha mbao kilichotobolewa, uzungushe kwa mkono mara chache tu. Bodi ni aluminiamu, inaliwa haraka. Futa kwa kitambaa chenye grisi ukitoka kuelekea nje. Mkwaruzo ukishika kucha, jaribu washa yenye mpira katikati ya saizi hiyohiyo kabla hujaipeleka pampu kwa wenye mashine.

Mombasa: Kaka, yangu ni Corolla ya petroli, filta ya mafuta ina banjo kama hiyo na inanuka. Naweza kufuata hatua hizi?

Mpangilio wa washa ndio huohuo, ila hapo pana presha, na inabaki hata ukizima gari. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, washa injini mpaka ijizime yenyewe, toa waya wa betri, funika bolti kwa kitambaa ndipo uilegeze polepole. Usilainishe washa kwa moto, nunua mpya. Na gari likianza kunuka petroli, usiliendeshe mpaka gereji, mwite fundi alikute hapo lilipo.